Safu ya Pili ya Daftari la Mgao

Alhamisi, tarehe sita mwezi wa pili mwaka huu, alifariki Bi Mwanahawa Iddi, na kesho yake baada ya swala ya Ijumaa tukamzika kwao Kondoa. Pamoja naye ilipotea ramani ya chumba chetu cha kumbukumbu, maana haikuwa imeandikwa popote isipokuwa kichwani mwake. Ungemuuliza jalada lolote akiwa amekaa nyumbani anachambua mchele, naye angekujibu bila kuinua macho: "Rafu ya nne, chini ya ramani iliyoliwa na mchwa, jalada la kijani ambalo si la kijani tena." Ungekwenda na kulikuta.

Mimi nilistaafu wiki chache kabla ya hapo. Ninyi vijana wa masijala mliniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa kabla ya kompyuta, nami nikaahirisha, kwa sababu nilidhani tungeiandika wawili. Sasa ninaandika peke yangu. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi na mwenye navyo hakuwa mimi. Nitasema habari za madaftari, magazeti ya zamani, na watu waliokuja kutafuta babu zao humo. Pia nitasema kosa langu moja. Mwaka jana niliandika sentensi moja, nikaigonga mhuri, na sentensi hiyo ikavunja uchumba wa vijana wawili, Mika wa Mkonze na Roda wa Ihumwa. Nitalifikia kwa zamu yake. Msiruke kurasa kulitafuta, ndivyo nilivyokosea mwenyewe.

Nilianza kazi nikiwa tarishi, kijana wa darasa la saba kutoka kijiji kimoja upande wa Mvumi. Niliambiwa niripoti kwa mama mmoja chumba cha nyuma. Nilimkuta amejitanda ushungi, miwani puani, anasoma gazeti lililozeeka kuliko mimi.

"Wewe ndiye Eliya?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba, mama."

"Inatosha. Humu ndani hakuna elimu ngumu. Kuna A mpaka Z, halafu kuna vumbi."

Akatoka kwenda kuchukua chai. Mimi nikaona chumba kina joto, nikafungua dirisha ili akirudi akute hewa nzuri. Ulikuwa mwezi wa nane. Aliyewahi kukaa Dodoma mwezi wa nane anajua nini kilifuata. Upepo uliingia kama mtu mwenye haraka, ukazoa karatasi za mezani na kutoka nazo mlangoni. Bi Mwanahawa aliporudi alinikuta nje, nachomoa barua za serikali kwenye ua wa minyaa, moja moja, na utomvu umenijaa mikononi.

Aliweka kikombe chini. "Kijana," akasema, "umeajiriwa kutunza kumbukumbu au kuzipeleka Manyoni?"

Tulizipata zote isipokuwa mbili. Kila mwaka siku ile ya mwezi wa nane alinikumbusha zile mbili. Hakuwahi kumwambia mkubwa yeyote.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, navitaja kwa kuwa nimeona mnanunua vingine visivyohitajika. Brashi laini ya kupakia rangi, ile pana, ya kufagilia vumbi kwenye kurasa kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa cha pamba kikavu. Kioo cha kukuzia maandishi. Vipande vya karatasi nyeupe vya kuwekea alama, kwa sababu anayekunja ncha ya ukurasa Bi Mwanahawa alimwita mwizi. Penseli. Kalamu ya wino haikuruhusiwa kuvuka kizingiti, hata ya mkurugenzi, na mkurugenzi mmoja aliwahi kuiacha mlangoni kama mtu anavyoacha viatu msikitini. Glavu hatukuwa nazo. Aliwahi kuja mgeni na glavu nyeupe, akageuza ukurasa na kuupasua kwa sababu hakuuhisi. Mikono iliyonawa na kukauka vizuri inatosha. Ila usije umetoka kula mhogo wa kukaanga.

Adui zetu walikuwa mchwa, panya na watu wenye haraka, na wa mwisho ndiye mbaya zaidi.

Bi Mwanahawa alinifundisha kusoma upya. Nilidhani najua kusoma. Alinipa daftari la zahanati la miaka ya zamani, akaniambia nitafute mgonjwa mmoja. Nikampata haraka, nikafurahi.

"Nani yuko juu yake?" akauliza.

"Sikuangalia."

"Nani yuko chini yake?"

"Sikuangalia, mama."

"Sasa utajuaje kama karani wa siku hiyo alikuwa anajua kuandika? Usisome mstari, Eliya. Soma ukurasa. Mtu mmoja anaweza kukudanganya. Watu ishirini wakikaa pamoja wanaumbuana."

Watu walianza kuja kutafuta koo zao kidogo kidogo. Mwanzoni walikuja kwa mashamba na mirathi. Baadaye wakaja wengine ambao hawakutaka kitu zaidi ya kujua. Hao ndio niliowapenda. Kwa hao tulifungua magazeti ya zamani ya Kiswahili, yaliyojalidiwa kwa miezi, mazito kama tofali la saruji. Watu hudhani mtu wa kawaida hawezi kuwa gazetini. Yumo. Yumo kwenye orodha ya timu ya mpira ya stesheni, kwenye tangazo la tanzia, kwenye barua za wasomaji akilalamikia kisima, kwenye picha ya maonyesho ya kilimo akiwa wa tatu kutoka kushoto, ameshika boga.

Alikuja mama mmoja muuza mboga ambaye hakuwahi kumwona baba yake, maana alikufa yeye akiwa tumboni. Alijua tu kwamba alikuwa mwendesha baiskeli hodari. Tulipekua magazeti ya miaka mitatu, yeye akija kila Jumatano baada ya kufunga genge. Tukampata kwenye mashindano ya baiskeli, wa nne, uso umekunjwa kwa jua. Mama aliuangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe masikio haya si ya mama." Akacheka, akaondoka, na Jumatano iliyofuata alituletea mchicha.

Wengine hawakufurahi. Kijana mmoja mwenye suti alikuja kutafuta babu yake aliyeambiwa alikuwa shujaa. Nilimpata kwa jina, kijiji na mwaka. Alihukumiwa miezi mitatu kwa kuiba mbuzi wa shemeji yake. Nilimwonyesha. Alisoma mara mbili, akasogeza kiti karibu.

"Mzee, hakuna gazeti lingine?"

"Lipo. Na hilo limeandika kwamba alimla."

Nilikuwa mkweli namna hiyo kwa mambo ya watu wengine. Kwa hiyo nitakuwa mkweli kwa langu.

Bi Mwanahawa alistaafu kabla yangu kwa miaka mingi, akahamia kwa binti yake, mtaa wa Area D. Nilibaki mwenyewe na rafu. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Mzee Danieli Ndahani wa Mkonze, rika langu, fundi seremala, mtu mpole anayezungumza kama anapima mbao kabla ya kukata. Kijana wake Mika alitaka kumwoa Roda, binti wa Mzee Mgunda wa Ihumwa. Vijana wamependana, wachungaji wamefurahi, mshenga ametumwa. Kisha wazee wa Ihumwa wakauliza swali ambalo wazee wa Kigogo lazima waulize: ninyi ni wa ukoo gani? Maana watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama wametenganishwa na vizazi vitano na reli.

"Ukawajibu nini?" nikamuuliza.

"Nikawaambia sisi ni Wakristo."

"Wakasema?"

"Wakasema hilo wanaliona. Walitaka kujua kabla ya hapo."

Ya kabla ya hapo Mzee Danieli hakuyajua. Babu yake, Ndahani, alikufa muda mfupi baada ya mwaka mmoja wa njaa, zamani za watemi. Mjane wake naye hakukaa sana duniani, na mtoto wao Yohana, baba yake Danieli, akalelewa misheni. Yohana alikulia huko, akafunzwa useremala huko, akafa akijua jina la baba yake tu. Ukoo ulikatika kama kamba ya kisima. Sasa Danieli alitaka tumwambie Ndahani alikuwa wa nani, ili kijana wake aoe.

Nilijua pa kuanzia, na nilijisifu moyoni kwa kujua. Mwaka ule wa njaa, karani wa mtemi alipewa kazi ya kuandika kila aliyepokea mahindi ya msaada. Daftari hilo tulikuwa nalo. Safu ya kwanza ina jina la mpokeaji. Safu ya pili ina jina lingine. Safu ya tatu ina idadi ya walaji. Vichwa vya safu vililiwa na mchwa zamani sana, kwa hiyo juu ya safu ya pili hapakuwa na neno, palikuwa na tundu. Mimi nikaliziba tundu lile mwenyewe, kichwani mwangu: jina la baba.

Nikampata. Safu ya kwanza, Ndahani. Safu ya pili, Masima. Walaji watatu, yaani mume, mke na mtoto. Mstari wa mwisho wa ukurasa.

Masima wa Ihumwa ndiye babu yake Mzee Mgunda.

Kanuni ya ofisi ilikuwa kutoa nakala na kunyamaza. Tafsiri si yetu. Lakini Mzee Danieli alikuwa amekaa mbele yangu na kofia magotini, na nilitaka kuwa mtu anayetoa jibu. Nikaandika barua: Kwa mujibu wa daftari la mgao wa chakula, Ndahani alikuwa mwana wa Masima. Nikagonga mhuri. Danieli akaisoma, akaikunja mara nne, akasema, "Basi ni ndugu." Akanishukuru. Hilo la kunishukuru bado linaniuma.

Mika aliondoka mwezi uleule, akaenda Singida kufunga umeme kwenye nyumba za watu. Roda, nilisikia, alikaa kwao na hakwenda kwenye mazoezi ya kwaya kwa wiki tano. Mimi niliendelea kunywa chai yangu saa nne kamili kama kawaida.

Wiki yangu ya mwisho ofisini ilikuwa ya kukabidhi. Kukabidhi ni kuhesabu kurasa: unafungua daftari, unageuza moja moja, unaandika idadi, unaweka sahihi. Nikafika kwenye daftari la mgao. Nikafika kwenye ukurasa wa Ndahani. Nikageuza, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshampata niliyemtaka.

Upande wa pili orodha iliendelea. Mbuli, mjane: safu ya pili, Masima. Madeje: Masima. Salimu Bura: Masima. Nikasimama hapo. Salimu Bura ni jina la Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Mgogo wa Ihumwa amezaaje Mrangi? Nikashuka. Masima, Masima, Masima, watu kumi na mmoja kwa jumla. Na wa mwisho kabisa, safu ya kwanza: Masima. Safu ya pili: Masima.

Masima alikuwa mtoto wa Masima, yeye mwenyewe.

Ile haikuwa safu ya baba. Ilikuwa safu ya mwenye kaya. Karani alipita nyumba kwa nyumba, na kila aliyelala ndani ya tembe la Masima, mtoto, mkwe, mgeni au mpita njia, aliandikwa kwa jina la Masima. Mimi nimezaliwa kwenye tembe. Letu lilikuwa na mlango mmoja na familia tatu, na moja kati ya hizo haikuwa ndugu yetu kwa njia yoyote. Walikuja wakati wa ukame, wakapewa chumba, wakakaa miaka saba. Mtu wa mji mwingine angesoma safu ile vibaya na kusamehewa. Mimi nilikuwa naijua tangu utotoni, ila nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi muda mrefu.

Jioni ile nilikwenda Area D. Bi Mwanahawa alikuwa mgonjwa wa moyo, amelazwa sebuleni kwenye kitanda kidogo ili aone wanaoingia. Nikamweleza yote.

"Walikuwa wangapi ukurasa ule?" akauliza.

"Kumi na mmoja, mama."

"Na wewe ukaongea na mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Umewaambia wenyewe?"

"Nitawaandikia barua ya kusahihisha."

"Barua!" Alinigeukia, na macho yalikuwa yaleyale ya siku ya dirisha. "Barua ndiyo iliyowaharibia. Daftari haliwezi kwenda Ihumwa kuomba radhi, halina miguu. Wewe unayo. Nenda."

Nilimwambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika nikasema nasubiri kwanza niage kazini vizuri. Iliyofuata nikasema mvua. Iliyofuata sikusema kitu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ni rahisi kumwambia mtu babu yake aliiba mbuzi. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba mwizi ni wewe. Kila nilipokwenda kumwona aliniangalia mikono, kama mtu anayetafuta vumbi la Ihumwa, na hakuuliza tena. Kisha ikaja ile Alhamisi.

Tulipotoka makaburini Kondoa, binti yake aliniambia, "Mama alikuwa anauliza kama umeshakwenda." Jumatatu asubuhi nikaenda Mkonze.

Mzee Danieli alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alisimamisha randa, hakuiweka chini.

"Kwa hiyo si ndugu?"

"Sijui, ndugu yangu. Ninachojua ni kwamba daftari halisemi kuwa ni ndugu. Niliyesema ni mimi."

Aliupuliza ubao, maranda yakaruka. "Unajua kwamba Jumapili hii wanapokea posa nyingine kule? Ya mwalimu."

"Sikujua."

"Basi tusikae." Akaenda kubadilisha shati.

Tulifika Ihumwa mchana, treni ya mizigo inapita, tukasubiri imalizike ndipo tubishe hodi tusikike. "Mbukwenyi!" nikaita kwa salamu ya Kigogo. Mzee Mgunda alitoka, akamwona Danieli, akaniona mimi, akatutolea viti vya plastiki chini ya kivuli cha nyumba. Kwenye mkeka kando yake alikaa bibi mzee sana akimenya karanga: Bibi Dorika, shangazi yake Mgunda, binti wa mwisho wa Masima mwenyewe. Anaishi kwa mwanawe Hombolo. Walikuwa wamemleta kwa ajili ya ile Jumapili, kama mkubwa wa ukoo.

"Mzee Eliya," akasema Mgunda, "safari hii umekuja na mhuri gani?"

"Nimekuja bila mhuri. Nimekuja kusema nilikosea."

Nikatoa nakala ya ukurasa, pande zote mbili. Mgunda hakuwa na miwani, akamwita Roda kutoka jikoni aje asome. Binti akafuta mikono, akanisalimu, "Shikamoo baba," kwa sauti ambayo haikuwa na shikamoo ndani yake, na ilikuwa haki yake. Akasoma.

"Ndahani, Masima. Mbuli mjane, Masima. Madeje, Masima. Salimu Bura, Masima..."

"Salimu?" Bibi Dorika akaacha kumenya. "Salimu wa chumvi?"

"Unamjua, mama?" nikauliza.

"Mchuuzi kutoka Kondoa. Punda wake walikufa njaa njiani, akakwama kwetu. Alikuwa anatufundisha kuhesabu. Kwa nini mnamtaja?"

"Imeandikwa alikuwa mtoto wa baba yako," akasema Mgunda.

"Nani?"

"Salimu. Na wengine," nikasema mimi. "Kwa barua yangu, jumla watoto kumi na mmoja."

"Na wa mwisho," akasema Roda, "ni Masima, mtoto wa Masima."

Bibi Dorika alituangalia mmoja mmoja. Kisha akacheka mpaka karanga zikamwagika mkekani. "Baba amejizaa! Jamani, njaa ile ilikuwa kali, lakini haikufika huko. Baba alikuwa na watoto watatu, mimi wa mwisho. Nani amesoma hivi?"

"Mimi, mama," nikasema.

"Mgogo wewe?"

"Mgogo."

"Aibu yako."

"Ndiyo, mama."

"Lakini shangazi," akasema Mgunda, "mbona hukutuambia tangu mwanzo?"

"Nani aliniuliza? Mlinipigia simu Hombolo mkasema serikali imeandika. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

Mzee Danieli alikuwa na kofia magotini. Sasa akasogea mbele ya kiti. "Mama, na huyo Ndahani? Unamkumbuka?"

Bibi alifumba macho kidogo. "Nilikuwa mdogo, nachunga ndama. Walikuwa wengi pale kwetu. Ndahani... yule mwenye mke mrefu, na mtoto mchanga? Waliotoka upande wa Bahi?"

"Wapi walitoka sijui. Mtoto mchanga alikuwepo. Ndiye baba yangu."

"Basi ni yule aliyekataa njiwa!" Akapiga goti. "Ee, huyo! Kaka zangu walitega njiwa, mama akapika, na hapakuwa na kitu kingine nyumba nzima. Yule bwana na mke wake wakasema hawali. Njaa imekaba, mtu anakataa njiwa! Baba akauliza, wakasema ni mwiko wa ukoo wa mume. Wakalala na maji. Sisi tulimcheka mpaka alipokufa, na alipokufa tukamlia, maana alikuwa mtu wa heshima."

"Na ninyi hapa?" nikauliza. "Ukoo wenu?"

"Sisi njiwa tunakula mpaka leo. Muulize huyu." Akamwonyesha Mgunda kwa kidole, naye Mgunda akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekamatwa.

Nilimgeukia Danieli, kwa sababu alikuwa ameshika kingo za kiti.

"Kwetu hatuli njiwa," akasema taratibu. "Baba alitukataza. Alisema mama yake alimkataza. Tulikuwa tukiwapiga kwa manati anatuchapa." Akanitazama. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya Roho Mtakatifu."

Bibi Dorika akaanza kucheka, na Mgunda akafuata, na Danieli mwenyewe akafunika uso kwa kofia mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama alikuwa anacheka tu. Bibi akautaja ukoo ule usiokula njiwa. Danieli akalirudia jina lake polepole, mara mbili, kama anajaribu kiatu. Sitaliandika hapa, ni la kwao.

Siku ile ofisini yule mtu alikuwa amekaa mbele yangu na jibu tumboni, nami sikuwahi kumuuliza hata swali moja la nyumbani kwao. Niliuliza karatasi tu.

Roda alikuwa bado amesimama na nakala mkononi. "Baba," akaniambia mimi, si baba yake, "kwa hiyo sisi ni ndugu au si ndugu?"

Ningeweza kumpa sentensi nyingine nzuri. "Daftari halijui," nikasema. "Lilikuwa halijui tangu mwanzo. Bibi yako ndiye anayejua."

Akamgeukia bibi. Bibi akachukua karanga nyingine. "Anayekula njiwa na asiyekula njiwa wanaoana," akasema. "Ila chakula mtapika vyungu viwili."

Mzee Mgunda akasafisha koo. "Mwalimu nitakwenda kumwona mwenyewe leo jioni, kabla hajanunua shati la Jumapili. Ni kijana mzuri, ataelewa." Kisha akanitazama. "Na nitakwenda bila barua."

Roda akatoa simu kwenye mfuko wa sketi, akasogea mpaka kwenye kona ya nyumba. Haikuwa mbali. Sote wanne, watu wazima bila haya, tukatega masikio.

"Mika? ... Hapana, sijambo. ... Hapana, hakuna aliyekufa. Sikiliza. Umewahi kula njiwa? ... Nijibu kwanza. ... Hata shuleni? ... Hata mara moja?"

Akasikiliza muda mrefu. Kisha akageuka kutuangalia, simu bado sikioni.

"Hajawahi," akasema. "Anasema walimcheka bweni zima."

Akaingia jikoni akiendelea kuongea, tukasikia kifuniko cha sufuria kikifunguliwa na maji yakiongezwa, kwa sababu ugali uliokuwa jikoni ulikuwa wa watu watatu, na sasa tulikuwa tunakula watano.